Kichuguu Tulichokiacha Porini

Kwetu mtu hakisifu kichuguu chake. Ng'ombe utamsifu, mke utamsifu, hata sauti yako kanisani utaisifu ukiwa huna haya, lakini kichuguu unakinyamazia. Mawingu ya kwanza yakianza kujikusanya, jirani akapita na kukuuliza, "Vipi, mwaka huu watatoka?" wewe unatazama pembeni na kusema, "Aa, mwaka huu hakuna kitu." Naye anakwenda zake ameridhika kabisa, maana anajua wiki hiyo hiyo nyumba yako itanukia kumbikumbi wa kukaanga na bakuli lake litamfikia. Sifa zilikuwa za msibani. Mtu akishafariki ndipo tunasimama na kusema alivyokuwa na mkono mwepesi wa kutoa na alivyokuwa akicheka. Kitu kilicho hai hakipigiwi kelele, kinaachwa kiishi.

Leo mimi nitakisifu kichuguu chetu. Kilikuwa kirefu kuliko paa la nyumba, chekundu, kimeinama kidogo kileleni, na mkwaju umeota begani mwake. Kilikuwa safari ya kutwa nzima kwa miguu kutoka stesheni ya Usinge, kandokando ya njia ya zamani ya misafara iliyokuwa ikienda Ujiji. Babu yangu alikuwa mpagazi katika njia hiyo. Wapagazi walikuwa wakifika hapo jioni wanavunja mabonge matatu ya kichuguu, wanayafanya mafiga na kupika. Babu alisema kilichomshangaza ni kwamba alfajiri, wakati wa kujitwika mizigo, pale walipovunja palikuwa pameshazibwa kwa udongo mbichi. Alipita pale na mizigo ya watu mpaka ujana ukamwisha, na reli ilipokuja ikaua misafara, akarudi na mzigo wake mwenyewe, akautua chini ya kichuguu kile na kujenga.

Baba alikirithi kichuguu kama wengine wanavyorithi shamba. Yeye ndiye aliyenieleza habari za watu wa chini, ndivyo alivyowaita mchwa. Alisema ndani kabisa kuna mama yao, mnene kama kidole gumba, hawezi hata kutembea, kazi yake kuzaa na kulishwa. Askari wao wana vichwa vikubwa na koleo mdomoni, lakini chakula hawawezi kujilia, lazima walishwe kama watoto. Wafanyakazi hawana macho, na ndio wanaojenga, ndio wanaochimbua maji chini sana, ndio wanaolima. Ndiyo, wanalima. Wana bustani zao gizani, wanazitengeneza kwa majani makavu na miti waliyotafuna, na uyoga ule mkubwa mweupe tuliokuwa tukiuokota masika ulikuwa unatoka huko shambani kwao. Mpaka leo nikimsikia mtu anasema mchwa ni mdudu mharibifu tu, hunipanda hasira.

Kumbikumbi wenyewe, baba alisema, ni watoto wanaoagwa. Wanapewa mabawa mara moja tu maishani. Mvua ikinyesha milango inafunguliwa, wanatoka kwa wingi, wanaruka vibaya vibaya kama walevi, wakishuka chini wanayaangusha mabawa wenyewe. Kisha mke anatangulia na mume anamfuata nyuma, wamegusana, wanatafuta mahali penye udongo laini. Wakipapata wanachimba, wanaingia, wanafunga mlango kwa ndani. Kwao walikotoka hawarudi tena.

Mama alikuwa akiwahurumia kwa hilo, na huruma yake haikumzuia kuwakaanga. Alipoletwa pale bi harusi, mkwewe alimkabidhi vijiti viwili siku ya mawingu ya kwanza, akamwambia aite mvua. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ubavu mmoja wa kichuguu ulifunikwa kwa matawi na majani mpaka ukawa giza, ukaachwa upenyo mmoja wenye shimo lililotandikwa majani ya mgomba. Halafu mwanamke wa nyumba aliketi na kugonga kipande cha ubao kilicholazwa juu ya kichuguu, taratibu, ko-ko-ko, kama matone yanavyoanza. Wa chini wakisikia wanadhani mvua imenyesha, wanafungua. Wengine walikuwa wakigonga kwa pupa, na mchwa si wajinga. Mama alikuwa akigonga hata mimi niliyekaa ubavuni mwake, jua likiwaka, nilikuwa nikiangalia juu. Baba alikuwa akisema mvua ya mama ina unyevu, kisha anafanya ishara ya msalaba asije akaonekana anakufuru. Na waliotoka mwisho mama alikuwa hawagusi. Alikuwa akiondoa matawi, anawaacha waende kuanza maisha yao.

Baba alifariki kabla hatujahamishwa. Tulimzika kati ya nyumba na kichuguu, mahali alipopenda kukaa akitengeneza mizinga yake ya nyuki.

Mwaka uliofuata akaja bwana wa boma na karani wake. Walisema pori letu limejaa ndorobo, yule mbung'o anayeleta malale, na watu wa vijiji vyote vya upande ule watahamia makazi mapya karibu na reli, ambako miti imefyekwa. Sitasema walidanganya. Watu walikuwa wanakufa kweli, nimewaona waliokuwa wanasinzia wakiwa na kijiko mkononi. Lakini tuliambiwa kila mtu achukue anachoweza kubeba, na kichuguu hakibebeki, wala kaburi.

Mama alifunga mzigo mmoja. Ndani alitia chungu chake kikubwa, blanketi la baba, kibuyu cha mbegu na vile vijiti viwili. Tulipofika kwenye makazi, nyumba zimepangwa mstari kama mabehewa, aliuweka mzigo ule karibu na mlango na hakuufungua. Nilidhani amechoka, ataufungua kesho. Hakuufungua mwezi ule, wala mwaka ule, wala miaka iliyofuata. Alipikia chungu cha kuazima kwa jirani, asubuhi anakirudisha, jioni anakwenda kukiazima tena. Jirani, mwanamke mcheshi, alimpa jina la Abiria. Mama hakukasirika.

"Na kweli nasafiri," alisema. "Nangoja tu njia ifunguliwe."

Nilikua, nikasoma kidogo kwa mapadri, nikahamia Tabora kwa shangazi yangu, dada yake baba, aliyekuwa na nyumba Kanyenye. Kila nilipokwenda kumsalimu mama, nilikuta mzigo ule ule mahali pale pale, umepanguswa vumbi. Na kila mara mawingu ya kwanza yalipokuja alikuwa ananishika mkono na kuniuliza kama nimesikia lolote. "Ukipata namna ya kufika," alikuwa akiniambia, "nenda kanitazamie kichuguu. Niletee kumbikumbi wa kwangu, hata kiganja kimoja. Nikijua kipo, nitangoja hata miaka mingine."

Pori lilikuwa limefungwa. Aliyeruhusiwa kuingia ni mwenye kibali cha boma, na kibali walipewa warina asali na watu wa maduka waliowapelekea bidhaa kambini na kurudi na nta. Kwa hiyo niliposikia mfanyabiashara mmoja Mwarabu pale Kanyenye anatafuta mtu wa kuuza bidhaa porini, sikulala usingizi wa maana. Wengine waliitamani kazi ile kwa mshahara, na mimi si malaika, mshahara niliupenda. Lakini nilichokuwa nakitaka hasa ni ile karatasi ya boma.

Shangazi alinivalisha viatu vya mumewe. Vilikuwa vikubwa, akavijaza matambara mbele, akanipaka mafuta usoni mpaka nikang'aa kama maandazi.

"Usikohoe ovyo," aliniagiza. "Na ukiulizwa jambo, jibu. Ninyi watu wa porini mnapenda kunyamaza."

Duka lilinuka nta na asali mbichi, na majora ya merikani, ile nguo nyeupe nzito, yalikuwa yamepangwa mpaka darini. Mwenye duka alikuwa mzee mwenye kofia ya kufuma, mzaliwa wa Tabora hapa hapa. Babu yake alikuja na misafara, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Karani wake alikuwa amekaa pembeni anatafuna kashata. Tulikuwa waombaji wawili. Mwenzangu alikuwa mtu wa pwani, kijana mtanashati, viatu vyake vinamtosha.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

"Marahaba. Kaeni."

Alituuliza kama tunajua kuendesha baiskeli, kama tunakunywa pombe, kama tunaogopa simba. Mwenzangu alisema simba ndio wanaomwogopa yeye, na karani akacheka mpaka kashata ikampalia. Kisha mzee akavuta jora la merikani, akalitandaza juu ya meza, akajiegemeza.

"Mimi ni mrina asali," alisema. "Niko kambini kwangu, nimechoka, nyuki wameniuma. Niuzieni nguo hii."

Mtu wa pwani alisimama. Jamani, nilifurahi kumsikiliza ingawa alikuwa ananiua. Aliinyanyua merikani, akaipiga kofi, akaivuta, akaipitisha shavuni. Alisema nguo ile ukichujia asali, asali inazidi utamu. Ukiivaa, mkeo anakupenda upya. Ukizikwa nayo, hata malaika wanakuuliza umeinunua duka gani. Karani alikuwa anafuta machozi kwa kucheka. Mzee alitikisa kichwa polepole, akasema, "Ahsante. Na wewe?"

Nikasimama. Nilishika ile merikani, na ilikuwa nguo nzuri, nzito, nyuzi zimekazana. Ndipo mdomo ukakataa. Kila neno la sifa lililonijia nilihisi naitabiria nguo ile mabaya. Nilimwona baba anatazama pembeni. Nikasikia sauti yangu inasema:

"Aa, mzee, hii ni nguo tu. Si kitu. Nimekuja nayo kidogo, pengine itakusaidia saidia."

Kisha karani akaangua kicheko ambacho mpaka leo nikikikumbuka masikio yananiwaka moto. Mtu wa pwani aliniangalia kwa huruma, na huruma yake iliniuma kuliko kicheko. Nikajua nimeipoteza karatasi ya boma. Nikamwona mama ameketi mlangoni kwake karibu na mzigo, nikatamani ardhi ipasuke.

"Nimekwambia uniuzie," mzee alisema, "hukuambiwa unifukuze. Kwenu wapi?"

"Mbele ya Usinge, mzee. Njia ya zamani ya Ujiji."

Mzee aliacha kujiegemeza. Alimwambia karani anyamaze. "Kule ndiko ninakopeleka chumvi," alisema. "Mtu wangu aliyetangulia alikuwa hodari wa maneno kama huyu bwana hapa. Aliisifu chumvi yangu kambi nzima, kutoka asubuhi. Unajua walimjibu nini? Walimuuliza ina ugonjwa gani. Akarudi nayo yote, mpaka punje ya mwisho, na mimi nikadhani alikwenda kulala kwa mwanamke. Wewe ungeiuzaje?"

"Ningetua mzigo, mzee. Ningekaa. Wakiniuliza nimeleta nini, ningesema sikuleta kitu. Wangekuja wenyewe kufungua."

Mzee alicheka peke yake, taratibu. Akamwambia mtu wa pwani kwamba atamweka hapo hapo dukani, kwa wanawake wa mjini, na yule bwana akafurahi, maana habari za simba zilikuwa za mdomoni tu. Nami akaniuliza swali ambalo shangazi hakuniandaa nalo. "Kazi hii unaitakia nini?"

Ningeweza kusema napenda biashara. Badala yake nilimweleza habari za mama, mzigo, kaburi la baba na kichuguu. Mimi niliyeambiwa napenda kunyamaza nilizungumza kwa muda mrefu. Nilipomaliza, mzee alivua kofia, akaikunjua na kuikunja.

"Mama yako yu hai?"

"Yu hai, mzee."

"Una bahati. Sasa sikiliza. Uza kwanza. Wakati wa kurudi, pita kwenu ukatazame hicho kichuguu chako. Ila nta yangu isikae juani."

Nilitoka nje nikavua vile viatu, nikarudi kwa shangazi pekupeku nikikimbia.

Kibali kilipotoka, nilishuka treni Usinge na baiskeli, chumvi, viberiti, visu na merikani. Nilipita kwa mama kumuaga. Alikishika kibali kwa mikono miwili ingawa hajui kusoma, akaugusa muhuri wa boma kwa kidole, akanirudishia kama anayenipa ekaristi. Kwenye kizuizi cha ndorobo, mtu mwenye wavu alinipangusa mgongo na kuikagua baiskeli asije mbung'o akapanda, kisha akafungua mti, na mimi nikaingia kwetu.

Kambini nilifanya kama nilivyomwambia mzee. Nilitua mzigo, nikasalimu, nikakaa. Wakaniuliza nimeleta nini, nikasema vitu kidogo tu, havina maana. Mpaka jua linatua, mzigo ulikuwa mwepesi na nta imejaa. Mmoja wao, mtu wa makamo mwenye uso uliovimba kwa nyuki, aliniuliza ninakokwenda baadaye. Nilipomwambia, alichokonoa moto.

"Hata njia imeshakufa huko," alisema.

Ilikuwa imekufa kweli, lakini miguu yangu iliijua. Nilisukuma baiskeli katika nyasi zilizonifika kifuani, na nilipouona ule mkwaju nikasimama. Nyumba yetu ilikuwa imeliwa. Nguzo zilikuwa zimesimama, lakini nilipoigusa moja ikaporomoka, ndani udongo mtupu, mti wote umekwenda. Mlango ulikuwa umebaki ngozi tu. Kilichokuwa kizima ni jiwe la kusagia la mama. Na mimi sikuhuzunika hata kidogo. Nilicheka kwa sauti peke yangu porini. Wametula, nilisema, basi wapo! Walipokula nyumba ya baba walikuwa wanapeleka chini kwa mama yao, shambani kwao, na hilo sikuwanyima.

Nikazunguka upande wa kaburi.

Mhanga, yule mnyama mla mchwa, alikuwa amechimba pale. Mhanga akitaka kichuguu anaingia na makucha yake mpaka kitovuni, na huyu aliingia. Shimo lilikuwa la zamani, kingo zake zimelainika kwa mvua za miaka kadhaa, na buibui ametanda utando mdomoni. Nilisogea nikachungulia. Nikaziona zile bustani alizonieleza baba, zimekuwa vumbi la kijivu. Nikakiona chumba cha mama yao, kimepasuka, kuta zake laini kama ndani ya kibuyu, na hamna mtu.

Sikukubali. Kichuguu kikubwa kinaweza kuwa na wengine upande wa pili. Nikavunja bonge upande wa jua kuchomoza, nikangoja askari watoke. Hawakutoka. Nikaweka sikio. Nikakata vijiti viwili, nikatafuta kipande cha ubao ambacho hakikuliwa, nikaketi mahali alipokuwa akiketi mama, nikaita mvua. Niligonga kama alivyokuwa akigonga, bila pupa, nikiwaza unyevu. Mawingu ya kweli yalikuja yakajikusanya juu ya mkwaju, yakatoa matone mazito machache, nami nikaendelea kugonga chini yake, mvua yangu na ya Mungu pamoja, na hapakufunguka mlango hata mmoja. Nililala pale. Asubuhi nikaenda kuangalia pale nilipovunja bonge, mahali ambapo babu aliona udongo mbichi. Palikuwa pakavu.

Nilimpalilia baba kaburi lake, nikasali, nikaondoka. Nililia njiani na sikujifuta, nani angeniona.

Nilipopitia kambini, yule mtu wa uso uliovimba alikuwa anaanika kumbikumbi kutoka kichuguu kingine cha huko huko porini. Nilimpa chumvi, akanijazia mfuko. Tangu hapo mpaka kwenye kizuizi, na kutoka kizuizini mpaka kwenye makazi, nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno manne. Mama ataniuliza, nami nitatazama pembeni, nitasema, "Mwaka huu hakuna kitu." Ndivyo angesema mtu yeyote mwenye kichuguu kizima. Naye angeridhika, angengoja miaka mingine, mzigo wake mlangoni. Ilikuwa kazi nyepesi kuliko kuuza merikani.

Alikuwa ameketi pale pale. Alisimama aliponiona.

"Wangaluka, mayu," nilimsalimu kwa lugha ya nyumbani.

"Wangaluka, baba." Hakuungoja hata mfuko. "Umefika? Kaburi umeliona?"

"Nimelipalilia."

"Na kichuguu? Mwaka huu vipi?"

Nikatazama pembeni. Maneno yalikuwa tayari, yamepanga mstari. Lakini sasa yalikuwa ya kweli. Hakukuwa na kitu, mama yangu, hakukuwa na kitu kabisa, na nilijua nikifungua mdomo kuyatamka nitaanguka miguuni pake na kulia kama mtoto mchanga. Basi nikashika maneno mengine yaliyokuwa karibu.

"Kimejaa, mama!" nilisema. "Kimejaa kuliko zamani. Kimepanda juu, kimekaribia kuupita mkwaju. Wanatoka mpaka jua halionekani. Uyoga umeota pande zote, mkubwa kama ungo. Hakuna kichuguu kama kile kutoka hapa mpaka Ujiji, nakwambia, hata babu angekiona asingekijua..."

Niliendelea. Mtu wa pwani mwenyewe angenivulia kofia. Nilipokuwa nasema hivyo nilimwona mama akinitazama, kwanza usoni, halafu mikononi, halafu akautazama mfuko. Nikasikia ninachofanya. Nikanyamaza katikati ya neno, lakini nilikuwa nimeshasema mengi.

"Ahsante, baba," alisema. "Umekisifu vizuri."

Alipokea kumbikumbi, akawapeta mabawa, akaenda kuazima chungu akawakaanga kwa chumvi. Alimpelekea bakuli jirani yake, na jirani mwingine, na mwingine. Jirani mcheshi alimuuliza kama wametoka kule kwake, mama akasema ndiyo, wametoka kule. Yeye mwenyewe alikula kidogo, akasema ni watamu. Hakuniuliza kitu kingine, usiku ule wala siku yoyote maishani mwake. Mimi niliendelea na kazi ile miaka mingi, nikauza chumvi na merikani kwa kusema sikuleta kitu, na kila mawingu ya kwanza yanapojikusanya mpaka leo, uzee huu, vidole vyangu vinagonga chochote kilicho karibu. Kwetu ninakutamani kama mtu mwenye kiu.

Asubuhi iliyofuata usiku ule wa kumbikumbi niliamshwa na moshi. Nilitoka nje nikaona mlangoni hapana mzigo. Kamba ilikuwa imekunjwa vizuri na kutundikwa ukutani. Blanketi la baba lilikuwa limeanikwa juani, linatoa harufu ya miaka. Kibuyu cha mbegu kilikuwa wazi, na nyuma ya nyumba kulikuwa na tuta jipya, udongo bado mbichi. Mama alikuwa amechuchumaa mbele ya chungu chake mwenyewe, kile kikubwa, anakoroga uji. Nilipoinama kuangalia moto, niliviona vile vijiti viwili vya kuitia mvua. Vilikuwa vinaungua pamoja na kuni nyingine.

"Kaa, baba," alisema. "Uji uko tayari."